Boksi Lililolowa Kiangazi

Juzijuzi mwenzangu wa kitanda cha juu aliletewa maziwa ya mgando kutoka kwao, akayaficha kwenye tranka kwa kumwogopa matroni. Siku ya tatu yakamwagikia nguo. Akazifua kwa sabuni ya unga, akazianika, na bado zikanuka. Bweni zima likaziba pua na kumcheka, mimi nikatoka nje. Walidhani naenda kutapika. Sikuwa na kichefuchefu, nilikuwa na hasira. Harufu ile ya maziwa yaliyochacha ndani ya kitambaa ndiyo harufu ya gari letu mwaka nilipokuwa darasa la tano, na kila ikinijia nakasirika upya kana kwamba mambo yale yametokea leo asubuhi.

Sijawahi kumsimulia mtu. Mnanijua, mimi si msemaji, mwalimu akiniuliza jina tu sauti inapotea. Lakini kuandika naweza. Basi naandika humu kwenye kauntabuku yangu, na nikimaliza nitawapa nyie wawili ninaokaa nanyi dawati moja. Mkishasoma msiniulize kitu.

Gari lilikuja baada ya baba kupunguzwa kazi. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, shamba likauzwa, mwenye mali mpya akaja na watu wake, na baba akarudi nyumbani Masuguru na kiinua mgongo chake. Wenzake walifungua vibanda vya mitumba. Yeye alipanda basi kwenda Dar, akakaa wiki mbili, akarudi anaendesha. Gari lilikuwa jeupe, dogo, kuukuu, limetumika huko Japani mpaka wakalichoka. Kwenye kioo cha mlango palikuwa na karatasi ya maandishi ya Kijapani ambayo baba hakutaka ibanduliwe. Mimi niliamini ni dua ya safari. Nilikuwa nikipita naigusa.

Alibeba abiria kati ya Korogwe na Handeni, akipitia Sindeni alikozaliwa, na siku za mnada alivuka Handeni mpaka Kang'ata na kurudi na madumu ya maziwa ya akina mama wa Kimasai. Barabara yote ni vumbi na makorongo. Gari likirudi jioni lilikuwa jekundu.

Fundi wake alikuwa mmoja tu, Maganga. Baba yake Maganga alitoka Tabora kuja kukata mkonge na hakurudi, kwa hiyo fundi alizaliwa hapahapa Korogwe, lakini Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na sisi ni Wazigua. Nyie wa huku mnajua maana yake. Hao ni watani wetu tangu misafara ya mababu zao waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na mtani humwambia mwenzake neno lolote mbele ya watu wala hakuna kununa. Gereji ya Maganga ilikuwa uwanja wa mchanga mweusi kwa oili, umezungushiwa mabati, karibu na reli. Baba alianza kupiga kelele kabla hajazima injini.

"We Mnyamwezi! Babu yako alipita hapa na pembe kichwani. Mzigo ulishafika pwani zamani, wewe mbona hujaondoka?"

"Namsubiri babu yako anirudishie chenji ya maji," Maganga anajibu kutoka uvunguni mwa lori. "Kumwuzia msafiri maji ya kunywa! Mtaungua nyie Wazigua."

"Mwizi mkubwa. Nikifika nyumbani nahesabu nati zangu zote."

"Zimepungua tatu. Nimezikaanga."

Watu wote gereji wanacheka. Maganga anatoka uvunguni, anajifuta mikono kwenye ovaroli, na hawapeani mikono wala hawaulizani hali. Baba anampiga kofi la mgongoni, wanainamia injini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba neno mwizi ni neno la kupendana.

Sasa siku moja ya mnada, baba akiwa njiani kurudi, dumu aliloliweka mbele, pale abiria anapoweka miguu, lilifyatuka kifuniko. Maziwa yakajaa sakafuni na mengine yakaruka juu, chini ya dashibodi. Kesho yake kutwa nzima gari lilikaa juani. Mama alifungua mlango akaufunga hapohapo.

"Abiria gani atapanda zizi hili? Liosheni."

Kazi nikapewa mimi, kwa sababu nyumbani sifa yangu ilikuwa usafi. Niliosha kama nilivyofundishwa kuosha sakafu ya saruji: toa mkeka, mwaga maji, sugua, mwaga tena. Nikatoa kapeti, nikamwaga ndoo. Nikaingiza kichwa chini ya dashibodi nikaona maziwa yamekauka juu huko, nyuma ya kifuniko cha plastiki kilichoachia kidogo, mahali ambapo mkono wangu haufiki na kitambaa. Nikachukua kopo. Nikarusha maji kwenda juu, kopo la kwanza, la pili, mpaka yaliyokuwa yanadondoka chini yakawa meupe kidogo tu, kisha safi. Kumbukeni ilikuwa kiangazi, maji ya bomba yalikuja kwa mgao, na mimi nilitumia ndoo nne. Baba alipokuja alinusa, akacheka, akaniambia mbele ya mama, "Huyu ndiye mwanangu. Mwingine angefuta juujuu." Sifa ile nilitembea nayo wiki nzima.

Siku tatu baadaye gari likazima mlimani likiwa na abiria.

Jamani, sijui kama mmewahi kukaa na gari bovu lisilosema linaumwa nini. Asubuhi linawaka vizuri. Saa nne linakohoa, taa ndogo ya njano inawaka mbele ya dereva, linazima. Ukilisukuma linawaka, ukifika sokoni linazima tena. Abiria wanashuka na kudai nauli yao. Maganga alibadilisha plagi. Halikupona. Akafungua pampu ya mafuta, akasafisha tangi, akabadilisha waya za moto. Linawaka, tunashangilia, linazima. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini na mpini akautia sikioni, ndivyo alivyokuwa anapima injini zote, akakaa vile kimya muda mrefu akiwa amefumba macho.

"Injini nzima hii," akasema. "Haina ugonjwa. Kuna kitu kinaikataza."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekuwa nimekutoza hela, Mzigua."

Baba alicheka, lakini kidogo. Gari likalala gereji siku nne. Abiria wake walianza kuzoea basi, na akina mama wa maziwa wakampa mtu mwingine madumu yao. Nyumbani baba alikula haraka na kuondoka haraka, na tukimuuliza chochote anajibu "Nimesikia" bila kusikia.

Siku ya tano nilimfuata baba gereji kumpelekea chakula. Maganga alikuwa ameketi kwenye kigoda, mapajani ana kisanduku cha bati ukubwa wa kitabu cha hesabu. Alikuwa amekitoa chini ya dashibodi, upande wa abiria.

"Mtani, njoo uone. Hii inaitwa kontroli boksi. Magari haya ya siku hizi hayana kabureta, yana kompyuta. Hii ndiyo inaiambia injini saa ngapi inywe mafuta na kiasi gani. Mimi mwenyewe ndiyo mara yangu ya kwanza kuifungua."

Akainua kifuniko. Ndani palikuwa na kibao cha kijani chenye vitu vidogovidogo kama kunguni waliopangwa mstari. Upande mmoja ulikuwa umeota kutu ya buluu na unga mweupe.

"Limeingia maji," akasema Maganga.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli. Nilisikia maneno yale vizuri kabisa, na nilijua ni maji gani. Nataka mlijue hilo kabla hamjasoma zaidi.

"Maji?" Baba akatazama juu, angani, kisha akamtazama fundi. "Maganga, mvua mara ya mwisho ilinyesha lini? Makorongo yote hadi Handeni ni mchanga. Punda wanakufa kiu huko. Maji yatoke wapi?"

"Mimi nakuambia ninachokiona."

Baba akageuza kichwa. Pembeni mwa gereji kulikuwa na gari lingine la aina ileile ya letu, limekaa juu ya mawe, halina matairi. Lilisombwa na mto masika ya mwaka uliopita, na mwenyewe alilitelekeza pale likatwe spea. Baba alilitazama gari lile, akalitazama boksi, akalitazama gari tena.

"Hili si langu," akasema. "Hili ni la lile pale. Langu zima umelipeleka wapi, mwizi wewe?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Maganga naye akacheka. "Nimelila na ugali," akasema.

Na mimi nilicheka. Kicheko cha kufunguliwa kamba. Nilijiambia, aa, wanataniana, kwa hiyo mambo si mabaya, kwa hiyo si lazima niseme kitu.

Baba hakucheka. Aliomba kamba, akalifunga gari nyuma ya lori la mkaa lililokuwa linapita, akaondoka nalo, na boksi bovu ameliweka kiti cha nyuma ndani ya mfuko wa rambo. Maganga alibaki amesimama na tabasamu lake usoni, kama mtu aliyesahau kulivua.

Mimi bado sikuelewa. Mtanicheka, lakini sikuelewa mpaka Jumatatu shuleni, Kabula aliponisogezea mkoba wangu mbali na wake. Kabula ni binti yake Maganga, tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

"Baba yako amemwita baba yangu mwizi."

"Si wanataniana?"

"Utani gani wa kuchukua gari? Utani gani wa kwenda kusema sokoni, sijui stendi, kwamba mafundi wa siku hizi wananyofoa spea nzima wanakuwekea mbovu? Jana mwenye lori lililokuwa linatengenezwa kwetu amekuja kulichukua. Hata gurudumu moja la nyuma halijafungwa. Kalichukua hivyohivyo."

"Baba yangu hakumaanisha..."

"Kamwulize," akasema Kabula, akahamia dawati la nyuma.

Sikumwuliza. Nilirudi nyumbani nimejipanga. Nilikuwa na sentensi yangu kichwani, fupi, niliirudia tangu darajani hadi mlangoni: Baba, maji nilirusha mimi. Baba alikuwa amekaa barazani anachora mistari kwenye vumbi kwa kijiti. Nikasimama mbele yake.

"Baba."

"Nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nini?"

"Chai imepoa, nikupashie?"

Na wiki nzima ikawa hivyohivyo. Kila nikifungua mdomo kinatoka kitu kingine: chai, chaki, karo ya mtihani. Nilimwonea hasira baba kwa kutoniuliza. Hivi kweli, kati ya watu wote waliojua gari lile lilioshwa, mama, majirani, yeye mwenyewe aliyelinusa, hakuna hata mmoja aliyewaza? Kwao maji ya kuharibu gari ni ya mto au ya mvua. Maji ya usafi hayakuhesabika kuwa maji.

Baba akapata fundi mwingine, mwanamume wa Segera, mtaalamu wa umeme wa magari. Fundi huyo alilitazama boksi bovu, akaonyesha karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Mzee, ukienda Dar chukua namba hii. Yote, mpaka herufi ya mwisho. Haya maboksi yanafanana kwa sura tu."

"Namba ya mwizi siendi nayo dukani," baba akasema. "Boksi hili si la gari langu."

Akaenda na jina la gari na mwaka tu. Akarudi na boksi linalong'aa. Likafungwa, injini ikawaka, ikaunguruma kama inataka kuruka ukuta, ikazima na haikuwaka tena. Fundi wa Segera akaligeuza, akasoma, akatikisa kichwa. Lilikuwa la gari linalojibadilishia gia lenyewe, na letu ni la gia za mkono. Baba akapanda basi tena kwenda Dar, wakabishana dukani, akarudi mikono mitupu. Nusu ya siku zile nilizitumia nikiwa nimesimama dirishani, namtazama akilizunguka gari na kulifungua boneti na kulifunga, kulifungua na kulifunga.

Hatimaye, kwa kuchoka tu, aliandika namba ya boksi bovu kwenye pakiti ya sigara, akaituma kwa dereva wa basi. Boksi la tatu likaja. Siku hiyo nilikuwa nimeshika kifuniko chenye skrubu za fundi. Aliliunganisha, plagi za nyaya zake zikaingia zote kama zimepakwa mafuta, akawasha. Gari likawaka. Ikapita robo saa, bado linawaka. Taa ya njano haikuonekana.

Fundi wa Segera akayaweka maboksi mawili, maganda ya lile bovu na kifuniko cha hili jipya, kando kwa kando juu ya boneti. "Umeona, mzee? Namba ileile, herufi ileile, na gari limekubali. Hili bovu lilikuwa la gari lako tangu linatoka Japani. Na lile gari la mtoni unalolisema nililifungua mimi mwaka jana, herufi yake ya mwisho ni nyingine. Hakuna aliyekubadilishia kitu."

Nilimtazama baba. Nilidhani sasa atakimbia. Nilidhani mtu mzima akigundua amekosea anakimbia kwenda kusahihisha, kama sisi darasani tunavyokimbilia ufutio.

"Basi," akasema, "funga."

Siku zikapita. Kabula hakuniangalia. Kutoka njia ya shule unaiona gereji ya Maganga, na mle ndani mlikuwa na lile gari la mtoni juu ya mawe na gari jingine moja, basi. Zamani ulikosa pa kugeuzia gari. Baba akitoka alipita njia ya juu, ya kuzunguka, ili asipite pale.

Kilichomrudisha ni gari lenyewe. Liliwaka, ndiyo, lakini injini haikutulia. Ukiliacha linanguruma bila kukanyaga mafuta, mlio unapanda, unashuka, unapanda, na abiria wanaulizana kama watafika. Fundi wa Segera alijaribu mara mbili akanyoosha mikono.

"Mimi wa nyaya tu, mzee. Hapa panataka sikio. Mpelekee yule Mnyamwezi wenu."

Jumamosi asubuhi baba akaniambia, "Panda twende." Hakusema wapi. Leo najua kwa nini alinichukua. Mtu aliyekuja na mtoto wake hafukuzwi.

Aliingia gereji akipiga honi. "We Mnyamwezi!" akapiga kelele kabla hajazima injini, kama zamani, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zamani. "Bado hujafa? Nimeleta sanda, naona hujafa!"

Nilimtazama Maganga na moyo wangu ulikuwa unamwomba. Jibu, fundi. Mtukane. Mwambie kuhusu babu yake na maji.

Maganga akaweka spana chini. Akaja mpaka dirishani, akainamisha kichwa kidogo.

"Karibu, mzee. Habari za nyumbani? Gari lina tatizo gani?"

Baba alikuwa bado anacheka. Kicheko kiliendelea kidogo peke yake, kisha kikaisha. "Ah... halitulii. Injini."

"Tutalitazama, mzee. Lakini naomba kwanza tuandikishane." Akaingia kibandani, akatoka na daftari lenye jalada gumu na kalamu imefungwa kwa uzi. "Ndiyo utaratibu wetu siku hizi. Mwenye gari anaandika kila anachoacha ndani ya gari, tunakisoma mbele ya watu, tunatia saini. Tusije tukagombana kesho."

"Mimi na wewe? Tuandikishane? Mtani?"

"Kila mtu anaandika, mzee."

Watu wawili waliokuwa wanangoja gari lao walitazama chini. Baba akachukua daftari, akalifungua, akalishika hivi na hivi. Karani wa miaka yote ile, aliyeandika uzito wa mkonge wa shamba zima, hakujua aanzie wapi. Akanipa mimi.

"Andika wewe. Una mwandiko mzuri."

Maganga akawa anataja, mimi naandika juu ya boneti ya moto. Tairi la akiba, moja. Jeki, moja. Redio, moja. Betri, moja. Kapeti, nne. Kontroli boksi, moja, na namba yake yote mpaka herufi ya mwisho. "Hapo tumemaliza," akasema. Lakini kalamu nilikuwa nayo mimi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kopo hakuna aliyekuwa ananitazama usoni akingoja niseme. Nikaandika mstari mmoja zaidi: Maji kwenye boksi la kwanza nilirusha mimi nilipokuwa naosha gari, na fundi hakuiba.

Maganga akapokea daftari, akasoma kwa sauti wote wasikie. Tairi. Jeki. Redio. Alipofika mstari wa mwisho sauti ikakatika, midomo ikaendelea kusogea. Hakunitazama. Akamkabidhi baba daftari.

"Soma, mzee, kama ni sahihi utie saini."

Niliangalia ndala za baba. Kisha nikasikia kalamu ikikwaruza. Maganga naye akatia ya kwake.

"Jumatatu mchana litakuwa tayari, mzee."

"Ahsante, fundi."

Tulirudi kwa miguu. Nilingoja kofi mpaka reli, nikalingoja mpaka sokoni, nikalingoja mpaka mlangoni. Baba alimwambia mama gari liko gereji, akaomba maji ya kuoga. Neno la jambo lile hajaniambia mpaka leo ninapoandika, na mimi sijamwambia.

Gari lilipona. Wateja wa Maganga walirudi mmoja mmoja, wale wawili waliokuwa wanangoja gari walikuwa wamelichungulia daftari, na hawakunyamaza. Kabula alirudi dawati letu muhula uliofuata. Na baba bado anapeleka gari kwa Maganga, hana fundi mwingine. Nilipokuwa likizo niliwaona. Baba anafika, anazima injini kwanza, ndipo anashuka. Wanapeana mikono. Wanaulizana habari za watoto, habari za afya, mmoja anasema mzee, mwingine anasema fundi. Majirani wa Masuguru wanasema jambo lile liliisha vizuri sana, tazama wanavyoheshimiana.